Uzito Uleule

Usiku wa pili, na pipa bado linakoroma.
Merilien amekalia gunia la mizizi ya vetiva
iliyong'olewa Jumanne kwenye mteremko wa Port-Salut,
udongo ungali umeing'ang'ania kama mdai.

Mvuke haubishi hodi.
Unapenya nyuzi, unazipekua moja moja,
unatoka na kilichofichwa ardhini mwaka na nusu,
unakipandisha bombani, unakishusha kwenye baridi,
kinaanza kudondoka.

Mafuta mengine yana adabu:
ya limau huelea, ya karafuu huzama,
kila mtu na ghorofa yake.
Haya hayajui pa kukaa.
Uzito wake na wa maji ni uleule;
yananing'inia katikati, ukungu wa rangi ya chai,
na mwenye kiwanda keshauliza mara tatu: bado?

Rozena, aliyesoma kemia mjini akarudi bila kazi,
anatia konzi ya chumvi,
anamimina kiyeyushi,
anatikisa faneli, anaipindua, anafungua koki.
Fsss.
"Tungoje," anasema.

Mstari unajichora ndani ya kioo.

"Kumbe yalikuwa yanatafuta mwenza."
"Mwenza gani, Merilien? Huyu tunamchemsha
aondoke, yabaki peke yake."

Kilima kizima, chupa ya kidole.
Alfajiri Merilien anaoga kisimani, sabuni mara mbili,
kama mkewe alivyomwagiza.
Maji yanakwenda zake.
Harufu inabaki.