Chokaa

Ujumbe wa Salha umeingia alfajiri, kutoka Puebla:
"Mama, mahindi yao huchemshwa na chokaa."
Chokaa! Hii tuliyopakia ukuta wa choo?
Nikachukua sembe ya dukani hapa Tabata,
maji moto, chumvi,
donge nikalibana kwa sahani mbili.

Mkate wa kwanza ukapasuka.
Wa pili ukanata.
Wa tatu niliutukana.

Basi, vipande vyote kikaangoni,
rojo la nyanya na pilipili mbuzi,
mayai mawili juu, viini vikitetemeka.

Baba yake kachungulia, mswaki mdomoni:
"Zege ya wapi hii?"
Akaila. Akafuta sahani kwa kidole.

Nimempigia mtoto. Huko kwake bado ni jana.
"Ndivyo wanavyokula, Mama, vimevunjikavunjika,"
akacheka,
kisha nikasikia anapenga kamasi.