Alifu kwa Ujiti

Miaka arubaini na mmoja, tasnifu nusu,
nimerudi alifu kwa ujiti.
Mwalimu wangu, Hibaq, ana miaka kumi.
Humlipa kwa biskuti, nyuma ya duka la mamake
Eastleigh, kati ya majora ya vitambaa.

"Be, nukta chini. Te, mbili juu.
Na hiyo aini haitoki puani, mzee!"

Daftari langu sasa huanzia kulia.
Juzi benki nusura nisaini kinyumenyume;
karani akanitazama, akatazama kitambulisho:
Mogaka.

Jumanne, kwenye nyaraka, Moi Avenue,
naletewa sanduku, glavu, barua moja ya deni.
Aliyeiandika alikuwa na haraka:
irabu hakuweka,
nukta kazitupa kama mtama kwa kuku.
Najikwaa, najikwaa. Kisha
hesabu. Hii naijua!
Dhamana. Sahihi.
Maneno ya mama sokoni Daraja Mbili,
akibishania bei ya ndizi,
asiulize yametoka wapi.

Lakini jina la mdaiwa:
be, na be nyingine. Basi.
Baba? Bibi? Bubu?
Na pe hawana; pengine ni Pepo, pengine Pipa.
Nimekaa nalo mpaka taa zikazimwa.

"Umesoma?" Hibaq anauliza.
"Deni lote. Ila sijui ni la nani."
Anavunja biskuti, anafikiri.
"Weka irabu kwa penseli.
Ukikosea, unafuta."