Safu ya Saba

Mbukwa, nikasema, kofia mkononi.
Mbukwa, akajibu, jembe halikusimama.
Mlowa, mwezi wa tatu, jua la utosi,
nami nina daftari la wakulima
na safu ya saba imeandikwa: ZAO. Neno moja.

Jina? Nyendo Mhembano.
Ekari? Akanyoosha kidole
toka kichuguu kile mpaka minyaa ya shemeji.
Nikaandika mbili na nusu.
Zao?

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
ni yupi kati ya wanawe anayekula.

"Uwele." Kalamu ikashuka.
"Na kunde." Kalamu ikasita.
"Kunde zimelala kifudifudi chini ya uwele,
udongo usipigwe jua la uso.
Kiduha kikiamka kutafuta mzizi wa kunyonya,
kinabisha mlango usio wake,
kinakufa njaa hapo hapo kizingitini."

Mama, nikasema, zao kuu.

"Kuu kwa nani?
Mwezi wa pili, ghala likiitikia ukikohoa,
kuu ni majani ya kunde.
Baadaye mamumunya.
Ada ya shule ikidaiwa, ni karanga, pale penye kichanga.
Mkwe akiingia bila taarifa, njugu mawe.
Mbuzi nao wana kuu yao: mabua.
Taja mwezi kwanza, ndipo uniulize kuu."

Nikamweleza tulivyofundishwa:
kamba, mistari, sentimita sabini na tano,
zao moja, shamba safi.
Alinisikiliza kwa adabu, mpaka mwisho.
Kisha akanigeuza bega nilione la jirani:
mahindi matupu, yamejipanga kama gwaride.
Mvua ilikata wiki tatu.
Yalichipua pamoja, yakanyauka pamoja,
kama yaliyosikia filimbi.

"Usidhani hapa hapana ugomvi," akasema.
"Mwaka juzi niliingiza alizeti, ikawameza wenzake,
nikavuna nikilia.
Lazima ujue nani akae na nani.
Mbaazi, kwa mfano, ipe nafasi, haina haraka;
itakunywa maji ya chini kabisa
wageni wote wakishaondoka."

Akaniletea kibuyu cha mbegu zilizobaki.
Nikatia mkono.
Na mkono ukakumbuka kabla yangu:
Kongwa, mimi na miaka sita, nyuma ya mama,
kila shimo gumba la mguu wangu likilifukia,
na kibuyu chake kimoja, mchanganyiko,
nikidhani ni uvivu wa kutenganisha.

Basi nikaandika. Herufi ndogo, ndogo zaidi.
Uwele ukajaza safu ya saba,
kunde zikatambaa hadi ya nane, MAVUNO,
karanga zikashuka chini ya mstari,
mbaazi ikasimama peke yake pembezoni,
na mamumunya, nisameheni,
yakapanda juu ya jina la Lechipya Ndahani,
ambaye sikuwa hata nimemfikia.

Ofisini karatasi ilirudi na wino mwekundu.
Chagua, imeandikwa. Imepigiwa mstari mara mbili.

Ni wiki ya pili sasa. Ipo mezani.
Juu yake zimekaa punje tatu
zilizodondoka toka mfuko wa shati langu:
uwele,
kunde,
na moja ambayo bado sijaijua jina.