Hatamu ya Drífa

Forodha ya Keflavík, saa tisa alasiri.
Abiria wa Ujerumani wanaburuta masanduku,
nami nimevaa glavu, nauliza swali lilelile:
"Umegusa farasi huko?"

Ásgerður hakujibu upesi.
Wiki mbili nyuma alipita hapa na Drífa,
jike la rangi ya majivu, umri miaka kumi na mmoja,
aliyemzalisha kwa mikono yake, usiku, theluji ikimwagika.
Walikwenda kushindana. Wakashinda.
Naye alijua, kama tujuavyo sote kisiwani:
farasi akishavuka maji harudi,
hata akivishwa nishani,
hata akiwa buheri wa afya.

Mgeni aje, mwenyeji apone?
Kwetu walikuja kondoo wageni,
manyoya yao mawimbi meusi, bei yao ya kuringia,
karatasi zao safi.
Mapafu yao, nani aliyapekua?
Babu yangu alichimba shimo nyuma ya zizi
akalijaza kondoo wake mwenyewe, mia mbili na sita.
Aliendelea kuwahesabu mpaka uzeeni,
usingizini, kwa sauti.

Na farasi wetu hawa, waliofungiwa karne kwa karne,
damu yao haijui hata jina la adui.
Buti moja yenye tope la zizi la ng'ambo
yatosha kukohoza bonde zima.
Ndiyo maana nafungua sanduku.

Buti: zimeoshwa, cheti kipo.
Suruali: inanuka dawa.
Chini kabisa, ndani ya soksi,
hatamu ya ngozi, imelainika kwa jasho,
unywele wa majivu umenasa kwenye bizimu.

"Ni hii tu," alisema. "Mwenyewe nimemwacha."

Nilitaka kumwambia kwamba binti yangu ana farasi wanne,
kwamba mmoja hulala akimwegemea mlangoni.
Nikasema: "Weka saini hapa. Na hapa."

Tanuri liko nyuma ya ghala.
Aliomba kuja; sheria haisemi neno juu ya hilo.
Ngozi hujikunja kwanza kabla ya kushika moto,
kama kitu kinachogeuka kutazama
ni nani aliyekiita.

Ng'ambo ya barabara, farasi wa jirani
waliinua vichwa, wakaunusa moshi,
kisha wakainama tena,
wakaendelea kula.