Maombi Namba Saba

Yaliletwa Jumanne, ndani ya bahasha ya kaki
iliyokwishatumika, jina la zamani limekatwa kwa wino.
Mwombaji: Sikuzani Mwinshehe, Magomeni, Bagamoyo.
Anachoomba: laki nane na elfu arobaini.
Sababu: kusoma vinyago.

Tulikuwa watano, chumba cha nyuma cha shule,
feni inakwaruza kama mtu anayetafuta neno.
"Kusoma?" akacheka Bwana Chuma, fundi vitanda.
"Kwani vimeandikwa?"
Nami, mweka hazina, nikacheka.
Nakiri hapa, maana daftarini hakuna safu ya kicheko.

Tukapitia orodha:
nauli ya Msata, kwenda na kurudi, mara kumi na mbili;
mizani ndogo, ile ya sonara;
futi ya cherehani, *kwa kuwa rula haizunguki kiuno*;
betri za tochi;
sukari kilo sita na khanga doti tatu,
*maana humwendei mtu mikono mitupu
ukamuulize habari za mwanahiti wake.*
Sukari ndiyo iliyozua ugomvi.
Utafiti gani huo unaokorogwa na kijiko?

Chini kabisa, palipopasa sahihi, beti moja:

*Mti mkavu wasema, kwa aliyeketi nao,*
*Una kovu la kupima, na jasho la washikao,*
*Nipeni nauli njema, niulize wajuao,*
*Kujua si kusimama, ni kwenda kwa wenye chao.*

"Mizani imetimia," alisema katibu.
"Ya fedha je?" nikamjibu.

Akaitwa. Akaingia na kifurushi cha kitenge,
akakifungua juu ya daftari langu bila kuomba radhi.
Mwanahiti. Urefu wa shubiri moja,
vishungi viwili kichwani, mikono hana, miguu hana,
kitovu kimechomoza kama swali.
"Mshikeni," alisema. "Mmoja mmoja."

Mgongoni palikuwa laini, pamelika.
"Si mchwa," alisema. "Ni vidole.
Wasichana wangapi, miaka mingapi, sijui.
Hicho ndicho ninachokiombea hela."

Kisha akainamisha tochi, mwanga ukalala ubavuni,
na kila palipopita chombo pakaonekana uzi mwembamba,
kila mkato, uzi uleule, mahali palepale.
"Patasi yake ilikuwa na pengo.
Nimeliona pengo hili kwenye sanduku la bibi mmoja Msata.
Nimeliona Kiwangwa, nyuma ya kabati la vyombo.
Nyumba tatu zisizojuana, jino moja lililovunjika.
Lakini kwenye kadi wanaandika: mchongaji hajulikani.
Hajulikani na nani?
Aliyekwenda kuuliza ni nani?"

Feni ikakwaruza.
Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Bwana Chuma alikuwa bado amekishika.
Alikigeuza, akapitisha gumba, akarudia,
akafumba macho kama anayeonja mchuzi.
"Wa shoto," alisema.
"Nini?"
"Huyu alichonga kwa mkono wa kushoto. Tazama mikato inavyolala.
Mie nimerandia mbao miaka thelathini, hili hunidanganyi."
Sikuzani akachomoa kalamu masikioni,
akaandika wa shoto, akaandika tarehe,
akaandika jina kamili la aliyesema.

Shilingi haijatoka, na kazi imeshaanza.

Tulimpa laki tano na kumi. Mfuko ndivyo ulivyokuwa.
Sukari ilipita, kura nne kwa moja,
ile moja sitaitaja, imenitosha aibu.

Taarifa imekuja baada ya vuli: kurasa nne,
vinyago kumi na kimoja vyenye pengo,
viwili vya kabla patasi haijavunjika, huenda, hana hakika.
Jina la mtu, bado.
Lakini kadi amezibadilisha.
Palipokuwa hajulikani ameandika anatafutwa.
"Kama mwizi," alisema Bwana Chuma,
na safari hii kicheko chake kilikuwa kingine.

Bahashani, ileile ya kaki, amerudisha chenji:
elfu sita na mia mbili,
na betri moja ambayo haijaisha.
Nimeiandika, sijui safu gani.