Vifungo

Zipu imegoma.
Imepanda hadi chini ya kitovu, ikasimama
kama wafumaji wa mji huu walivyosimama zamani
nje ya mageti ya viwanda vya matofali mekundu:
hatusogei, semeni mtakavyo.

Nimelala chali, pumzi nimeibana.
Suruali ya kijivu, ile ya siku ya usaili,
imeganda mapajani kama deni.
Nje, Łódź imevaa theluji ya juzi, chafu pindoni.
Jagoda ana siku arobaini na tatu.
Kesho saa sita anabatizwa
na mama yake hana cha kuvaa.

Mama mkwe ameleta mkaja wa mpira,
rangi ya ngozi isiyo ya mtu yeyote,
ndoano ishirini na mbili. Nimezihesabu.
"Mimi niliuvaa siku ya nne," asema Halina,
"na huyo Zbyszek alikuwa kilo nne na nusu."
Nasema asante. Nafunga ya kwanza, ya pili, ya tisa.
Kwenye ya kumi na moja nasahau kuhema;
mtoto analia chumba cha pili
na maziwa yanashuka bila hodi,
visiwa viwili vikipanuka juu ya pamba.

Juzi juzi tu nimejifungua.
Neno lenyewe lasema: nimejifungua.
Mbona basi mnakimbilia kunifunga?

Mimi ni fundi wa vitambaa vya viti vya magari.
Miaka sita nimekata, nimevuta, nimeshona,
na sijamsikia hata siku moja msimamizi
akikitukana kiti kwa kuwa na umbo.
Kitambaa kisipokaa, kosa ni la kitambaa.
Tunarudi mezani, tunakata upya.

Basi saa nane za usiku nikawasha taa ya jikoni,
mkasi nikauchomoa kwenye kopo la vijiko.
Kraa, mshono wa kushoto. Kraa, wa kulia.
Nikapachika pembetatu mbili za fulana nyeusi,
ile iliyonistahimili hadi siku ya uchungu,
inayojua kupisha.
Zipu niliing'oa yote. Ilikuwa na haki yake.
Nikatwaa shati la kodrai, rangi ya bitiruti,
nikalipunguza mikono tu;
kifuani nikaacha nafasi ya watu wawili.

Zbyszek akaja miguu peku, akapepesa macho.
"Hilo si shati langu?"
"Lilikuwa."

Kanisani mvuke ulitutoka midomoni.
Padri alipofika katikati ya neno refu
Jagoda akakumbuka tumbo lake.
Mkono mmoja: kifungo cha pili, cha tatu. Basi.
Sikugeukia ukuta. Sikuomba shali.
Nilikaa, na nguo ikanikaa.

Nisidanganye: kwenye picha naonekana mpana,
macho yamevimba kwa usingizi haba,
na pembetatu ya kushoto imekwenda upogo.
Picha hiyo nimeibandika kwenye friji.

Mezani, baada ya supu na sahani ya pili ya pierogi,
Halina aliniinamia, harufu ya marashi na siki,
akagusa ubavu wa suruali yangu kwa kidole kimoja
kama anayepima joto la pasi.
"Hiki ulikikata kwa upana gani?"
"Vidole vinne."
Akanyamaza. Akatazama huku na huko.
Kisha chini ya blauzi yake, ubavuni,
nikasikia: tak.

Na baada ya kitambo, tena: tak.