Sawa Ina Kazi Yake

Newala, ukungu haujaachia dirisha,
nami nimeikodolea macho kazi ya mikono yangu:

lipa(412, 30, 3100)

Namba tatu ndani ya mabano.
Ipi kilo, ipi makato, ipi bei?
Nafasi ndiyo inayojua. Mimi nakumbuka tu,
na Jumanne sikukumbuka.

Niligeuza kilo na bei.
Mnada wa kwanza makato yalikuwa sifuri,
na kuzidisha ni kuzidisha: jibu lilelile,
kosa likalala usingizi.
Mnada wa pili yakaja makato, shilingi thelathini kila kilo,
likaamka kwenye malipo ya Bi Somoe Mchopa wa Kitangari.

Hakupiga kelele.
Aliweka stakabadhi mezani, akaizungusha inielekee,
kidole kimoja kwenye KILO, kingine kwenye 412.
"Hapa mmeandika jina. Huko ndani je?"

Tangu hapo mimi na Hokororo tunagombania alama.
Yeye anataka sawa. bei = 3100.
Mtoto wa darasa la pili angesoma, anasema.
Lakini humu ndani sawa ina kazi yake: inauliza.
Je, bei ni sawa na 3100?
Itajibu ndiyo, au hapana,
na ndiyo hailipi korosho ya mtu.

Mshale, basi?
Mshale nao una mwenyewe;
kuna programu za zamani zinauegemea,
ukiuchomoa zinaanguka usiku, msimu ukiwa katikati.

Nukta mbili ubavuni mwa sawa, nikasema.
Hokororo akatazama:
"Kama mtu anayekukazia macho, kabana midomo."

Nje vijana wanashusha lori la Mahuta.
"Magunia yamefika, bei imeshuka!"
Mwenzake anaipindua, kwa uchungu uleule:
"Imeshuka bei, yamefika magunia!"
Hakuna aliyeuliza kipi kimeshuka.
Ya- inamjua wake, i- inamjua wake.
Kumbe lugha hii haikuiamini foleni
tangu kabla ya umeme.

Nikaandika, tena nikavuruga makusudi:

lipa(makato := 30, bei := 3100, kilo := 412)

Jibu halikutikisika.

Bi Somoe amerudishiwa elfu themanini, mia sita na arobaini.
Amezihesabu mara mbili,
ya pili akianzia mwisho.